Mawakala wa Delhi mnaotupeleka Red Fort siku ya Jumatatu, mmetuona mazuzu?

Wakuu, uzi huu ni kwa wote mnaoleta wagonjwa huku India, maana sisi wasindikizaji ndio tunaowindwa. Mgonjwa akishalazwa, unabaki unahesabu feni ya gesti. Hapo ndipo anajitokeza "kaka" mmoja mwenye Kiswahili safi, Kariakoo anaijua mtaa kwa mtaa: twende niwatembeze Delhi, Red Fort ile ngome ya kale ya wafalme, msikiti mkubwa wa Jama Masjid, soko la Chandni Chowk, gari ina kiyoyozi, tiketi zimo humo humo. Bei anaitaja kwa dola. Malipo yote kabla ya safari, eti ndio utaratibu.

Akatupeleka Jumatatu.

Red Fort hufungwa kila Jumatatu! Kila mwenye bajaji pale mjini anajua. Huyu anakula kwa kazi hii, halafu anatusimamisha nje ya Lahori Gate, lango kuu la ngome, ukuta mwekundu umetupanda juu ya vichwa, anatuambia serikali "imefunga ghafla leo". Ghafla gani ya kila wiki? Na dakika hiyo hiyo gari ikageuzwa kwenda kwenye duka la mazulia na mashali, ambako muda ulikuwepo wa kumwaga. Chai tukaletewa mpaka tumbo likalalamika. Shemeji yangu, ambaye alikuja kumuuguza mumewe, akabembelezwa anunue zulia. Zulia! Mtu ana bili ya hospitali mkononi!

Tulipowaka, akakubali kuturudisha siku nyingine, kwa sharti tulipe "mafuta" upya. Na zile tiketi zilizokuwa zimo, zikawa hazimo. Mgeni pale analipa zaidi ya mara kumi ya anachotoa Mhindi, na hilo sina ugomvi nalo, hata sisi Ngorongoro tunawafanyia wageni hivyo hivyo. Ugomvi wangu ni kwa aliyekwishapokea hela ya tiketi halafu akaniambia nikapange foleni dirishani.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu mwongozaji tuliyepewa siku tuliporudi, maana huyu ndiye aliyenimaliza. Anaanza: ngome hii imejengwa na mfalme Akbar. Akbar alikufa 1605! Ngome ilianzwa 1638 na mjukuu wake Shah Jahan, huyu huyu wa Taj Mahal, alipoamua kuuhamisha mji mkuu kutoka Agra, na ilikamilika 1648. Tukafika Diwan-i-Khas, ukumbi wa marumaru ambamo mfalme alikuwa akipokea wakubwa, nikauliza kuhusu Kiti cha Tausi, kile kiti chake cha enzi. Jibu: "kimepelekwa kufanyiwa ukarabati." Wakuu, kile kiti alikibeba Nadir Shah, mfalme wa Uajemi, mwaka 1739. Huo ukarabati utaisha lini?

Kichekesho kikubwa ni yale majengo marefu ya mawe katikati ya uwanja. Akatuambia ni nyumba za wake za mfalme. Yale ni makambi ya askari wa Kiingereza! Baada ya maasi ya 1857, Wahindi walipowainukia watawala wao Waingereza, hao Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya kasri, nyumba za wanawake zikiwemo, wakajenga kambi zao. Na leo ndani ya kambi mojawapo kuna makumbusho ya hiyo hiyo 1857, kibao kipo mlangoni. Anakipita kila siku.

Mimi nilitaka kusikia habari za Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho, mzee wa miaka zaidi ya themanini, aliyeshtakiwa 1858 ndani ya ukumbi wa babu zake kisha akapelekwa uhamishoni Rangoon, huko Burma, akafia huko. Mwongozaji hana habari naye. Alichokuwa nacho ni "binamu" mwenye duka la vinyago pale Chatta Chowk, lile soko lenye paa ukishapita lango.

Halafu alituahidi tutaswali Moti Masjid, kamsikiti ka Aurangzeb, mtoto wa Shah Jahan, humo ndani ya ngome. Kumefungwa, watalii hawaingii. Jama Masjid ipo ng'ambo tu, unatembea kwa miguu, na ilikuwa kwenye orodha tuliyolipia. Wakala hakutupeleka, eti foleni za magari.

Mnaokuja: msipande gari ya mtu. Metro ya Delhi ina kituo kinaitwa Lal Quila, ukitoka ngome unaiona. Tiketi ya ngome inakatwa hata mtandaoni. Beba pasi ya kusafiria, na mwezi wa nane ulizeni kwanza, kwa sababu kabla ya tarehe 15, siku ya uhuru wa India ambapo waziri mkuu anahutubia taifa kutoka juu ya ukuta wa ngome, ngome hufungwa kwa usalama.

Wakala huyo simtaji jina kwa sasa, lakini namba yake ninayo na risiti ya dola ninayo. Nikimpigia anasema nisubiri bosi arudi. Kuna yeyote humu aliyewahi kurudishiwa hela na watu wa aina hii? Alipitia wapi, polisi wa watalii, ubalozini, au wapi? Niko huku mpaka mgonjwa aruhusiwe, kwa hiyo muda wa kumfuatilia ninao.