Walimu wa muheme wamedhalilishwa kwenye tamasha la ngoma, na mimi ndo niliyewapeleka

Wakuu habari zenu. Mimi humu huwa nasoma na kupita, sio mtu wa kufungua nyuzi za hasira, ila hili nimelala nalo siku tisa sasa na limegoma kutoka kifuani. Ni refu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mpiga ngoma. Nimesomea Bagamoyo, sa hivi jioni nafundisha watoto Mbagala, mama yangu Mgogo wa Kongwa. Miezi kadhaa nyuma nikapigiwa simu na mratibu wa tamasha moja la ngoma na dansi huku pwani (sio lile la Bagamoyo, msirushe mawe kusikohusika, na jina silitaji maana kwanza nataka watu wangu walipwe). Akaniambia wageni kutoka Ulaya na Marekani wanakuja siku tatu kujifunza ngoma za mikono, wanataka walimu wenyewe wa asili, wewe una watu Dodoma, tuletee muheme. Nikafurahi jamani, siwezi kudanganya, nilifurahi mpaka nikampigia mama usiku ule ule.

Kwa msiojua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Zamani ilikuwa ndani ya mambo ya unyago, sa hivi inapigwa hata kwenye sherehe za kitaifa, na wapigaji ni kina mama wenyewe, mama anaibana ngoma katikati ya mapaja, njuga miguuni, anaimba, anacheza na mikono inachapa, vyote kwa mpigo. Watu wanamjua marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na zeze lake (la nyuzi) na ilimba (ya kupigwa kwa vidole gumba), na sa hivi Pendo na Leah Zawose wa ukoo wake wanapanda majukwaa makubwa huko Ulaya, kwa hiyo hii sio sanaa ya kuonewa huruma, ni sanaa ambayo dunia imeshaipigia makofi. Anayedharauliwa ni mwenye nayo akiwa nyumbani kwake.

Nikapanda basi hadi kijijini. Bibi anayeongoza kile kikundi umri wake umeenda, nikamwamkia mbukwenyi, tukakaa chini ya mti, nikaeleza. Akakataa. Akasema mjukuu wangu, sisi tumeshapelekwa mjini mara nyingi, tunacheza juani watu wakubwa wamekaa kwenye turubai, tukimaliza tunapewa soda. Nikamwambia bibi safari hii ni tofauti, mnaenda kama walimu. Nilitumia neno hilo, WALIMU. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Ndo maana nimeanza kwa kusema mimi ndo niliyewapeleka, mkinitukana humu nitapokea.

Makubaliano yalikuwa hivi, watu 8, kina mama sita na wazee wawili wa zeze na ilimba, kila mmoja 150,000 kwa siku zote tatu, nauli, chakula na malazi juu ya waandaaji. Tumekubaliana kwa simu na meseji, na meseji ninazo zote.

Tumefika usiku, konda ametutoza hela ya ngoma kwenye buti nikalipa mfukoni kwangu, haya hilo nikasema litarudi. Tunapelekwa kulala wapi? Shule ya msingi. Darasani. Madawati yamesukumwa ukutani, magodoro chini, choo kipo ng'ambo ya uwanja na taa hamna, bibi wa umri ule aamke usiku avuke uwanja na tochi ya simu. Walimu waliotoka nje wako hotelini ufukweni wana viyoyozi. Kesho yake nachukua ratiba, imechapwa vizuri kwenye karatasi ngumu, kila mwalimu mgeni ana picha yake, jina lake, na maneno mawili matatu alijifunza wapi na kwa nani. Nikatafuta wa kwetu. Imeandikwa "Kikundi cha Ngoma, Dodoma". Basi. Mwanamke amepiga ngoma tangu ni binti hajavunja ungo, hana jina.

Sasa njooni kwenye moto, maana hapa ndo hasira yangu ilipoanzia kabisa.

Ngoma ya muheme ni gogo moja limechongwa, juu imewambwa ngozi, haina kamba za kukaza kama djembe, ile ngoma ya Afrika Magharibi. Djembe ikilegea unavuta kamba zake unaikaza. Yetu inakazwa kwa moto. Na ngozi iliyozoea ukavu wa Dodoma ukiileta baharini inakunywa unyevu usiku kucha, asubuhi ukiigonga inasema "bwe", imekufa. Kila mpiga ngoma wa nchi hii anajua hili, watoto wangu wa Mbagala wa miaka tisa wanajua. Kwa hiyo asubuhi kina mama wakaomba nyasi kavu na kiberiti. Wakakoka kamoto kadogo tu, bibi akainamisha mdomo wa ngoma, anazungusha taratibu, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anageuza, anagonga tena, ngozi inaanza kuita. Hapo hapo anakuja kijana wa hoteli na yule mratibu wanakimbia, moto hapana, bustani itaungua, wageni watavuta moshi. Wakamwagia maji. Wamemwaga maji mbele ya bibi kachuchumaa, majivu yamemrukia kwenye khanga.

Nikawaambia jamani mchanga wa bahari uko hatua 30 pale, tukoke kule. Wakasema ule ufukwe una utaratibu wake. Msaidizi wa mratibu akaona ametatua, akabeba ngoma kubwa, ile ya kuongozea, akaipeleka jikoni kwenye jiko la gesi. Mimi nilikuwa nabishana huku sikumuona. Nilisikia mlio tu. Aliyewahi kusikia ngozi ikipasuka anaujua, ni kama mtu kapigwa kofi. Ilichanika kutoka katikati mpaka pembeni. Akarudi nayo anasema pole bibi, tutanunua nyingine. Utanunua wapi? Ngoma ile bibi aliachiwa na mama yake mdogo. Bibi hakusema kitu, akapitisha dole gumba kwenye ule mpasuko, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaifunga khanga akaiweka pembeni kama mtu anavyofunika mtoto aliyelala.

Na bado akaenda kufundisha. Kwa ngoma ndogo, zilizolegea.

Ratiba ilisema saa mbili nzima za muheme. Walipata dakika 40, maana kipindi kilichotangulia kilizidi na chakula cha mchana hakisogezwi. Bibi anafundisha kama alivyofundishwa, kwanza hagusi ngoma, anaimba, mnaitikia, mpaka wimbo uingie mwilini, mguu ukikaa sawa ndo mkono unaruhusiwa kwenye ngozi. Wageni wenyewe walikuwa wanafuata vizuri tu, wengine wamefumba macho. Mara mratibu anaingia katikati ya duara na maiki, bibi samahani, washiriki wamelipa kujifunza kupiga, wape kwa hesabu, moja mbili tatu nne, kuimba tutaimba jioni. Mtu hajawahi kushika ngoma maishani anamrekebisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake! Sisi hilo neno ngoma ni kile kifaa, ni uchezaji, na ni shughuli yenyewe, sasa wewe unataka nikukatie kipande kimoja nikupe kwa hesabu kama nakuuzia kitambaa?

Nataka niwe mkweli kwa walimu wageni, wao hawana kosa. Kulikuwa na kaka mmoja wa Guinea anafundisha djembe, huko ndo kwao hasa, djembe ni ya Wamandinka wa Guinea na Mali, ilianza kuzunguka dunia na kina Les Ballets Africains, kundi la ngoma na dansi la Guinea, miaka ya 1950. Yule kaka alivyoona tumekatwa muda alienda mwenyewe kusema chukueni nusu saa yangu. Akavua viatu, akakaa chini mbele ya bibi, akamwomba amfundishe. Kifaransa na Kigogo, hamna lugha hata moja ya pamoja, na walielewana kuliko mimi nilivyoelewana na mratibu wangu wa Kiswahili. Walimu kwa walimu hawakuwa na shida hata kidogo, jioni wanakula pamoja, wanaonyeshana mikono. Shida ni waliokaa katikati na daftari la bajeti.

Na watu wa mtaa je? Uzio. Kiingilio 20,000 kwenye mji ambao mtu anauza samaki siku nzima haipati hiyo. Watoto wamebandika nyuso kwenye nyavu. Jioni ya mwisho kina mama wanacheza, nje ya uzio watu wameanza kuitikia na vigelegele, na hapo ndo muheme ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu tufike, maana ulipata watu. Mama mmoja muuza vitumbua akaacha beseni lake akapita pale getini mbio, ameshika buku mkononi, anaenda kumtunza bibi, ile anataka kumbandika kwenye paji la uso kama tunavyofanya siku zote. Baunsa akamdaka. Akamburuta kwa mkono. Hela ikaanguka chini, ikakanyagwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, sasa huyu alikuwa kwao, na aliyekuja kumtunza akatolewa kama mwizi. Washiriki wakawa wanarekodi, nahisi walidhani ni sehemu ya mchezo.

Na kurekodi kwenyewe. Siku tatu simu na kamera zimewaka, nyimbo nzima nzima zimechukuliwa, hakuna aliyeulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, mtu hawezi kuchukua tu akaenda kufanyia biashara bila kibali. Hiyo sheria haisemi isipokuwa kama wenye wimbo wamelala darasani.

Malipo sasa. Asubuhi ya kuondoka basi linasubiri, mhasibu anakuja na fomu ya posho. Kuna jina, kuna sahihi, na safu ya kiasi IKO WAZI. Tupu. Anasema sainini haraka mtachelewa gari, kiasi tutajaza ofisini. Kina mama wanne wanasoma, wawili hawasomi, bibi akatoa dole gumba, lile lile, mhasibu akalishika akalipaka wino akaligandamiza kwenye karatasi. Nilikuwa nje napakia mizigo. Nimeingia wamemaliza. Kila mtu kapewa bahasha, ndani 40,000. Nyingine eti hela ya mfadhili haijaingia. Watu 8, kila mmoja anadai 110,000, jumla 880,000. Na kwenye ile fomu huko ofisini kimejazwa kiasi gani? Hilo ndo swali nataka lijibiwe, maana wageni walikuwa kama 35 na kila mmoja amelipa dola 180, bango la bei lilikuwa getini kila mtu ameliona.

Nimempigia mratibu, siku ya kwanza alipokea akasema nivute subira. Siku ya pili akasema mbona nalalamika wakati wamepewa nafasi ya kuonekana. Tangu hapo hapokei.

APDETI: Nimesoma majibu yenu. Anayesema 880,000 ni hela ndogo, nenda Kongwa miezi hii uulize gunia la mahindi ni shilingi ngapi halafu urudi uandike tena. Anayesema kina mama wangekaa nyumbani ngoma ni kazi ya wanaume, labda unachanganya na Burundi ambako mwaka 2017 lilitoka agizo la kuwakataza wanawake kupiga zile ngoma zao kubwa, muheme ni wa wanawake, sisi wanaume ndo huwa tunaomba ruhusa. Na wale mnaonishauri niende BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kwa afisa utamaduni, asanteni, barua nimeshaandika, meseji nimezitoa kopi, nataka pia ile fomu ya posho itolewe watu wangu waione kwa macho yao.

Bibi alinipigia jana. Hela hajaulizia hata mara moja. Kauliza ngoma yake inaendeleaje, neno hilo hilo, inaendeleaje, kama mgonjwa. Iko kwangu Mbagala, nimeitoa ngozi iliyochanika, mzinga mzima hauna ufa, fundi ameloweka ngozi mpya na kesho tunaiwamba, inakauka kivulini halafu Jumamosi napanda nayo basi. Mratibu, najua unasoma hapa maana watu wako wameshaanza kunitumia inbox nifute uzi. Sifuti. Una siku nne kabla sijapanda hilo basi na namba yangu unayo.