Mchoraji wa kanga aanze na jina au na mji?

KalamuMbili: Wakuu, salaam. Nachora kanga, na nikikutana na wenzangu hatuishi kubishana: kazi ianzie wapi? Mimi naanza na jina, yaani yale maneno ya kanga. "Wema hauozi" inataka pindo (ukingo wa kuzunguka) tulivu na mji (sehemu ya katikati) wenye nafasi. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ukiichora kwa upole huohuo umeiua. Wenzangu wanachora mji na pindo, kisha tajiri anatia jina analotaka. Ndiyo maana kanga nyingi za sasa hazisemi kitu, hasa zile za kampeni ambazo watu wa bara wanadhani ni kanga.

BintiSongea: Kaka, swali zuri, lakini mwishoni umetutukana. Mama yangu alinibeba kwa kanga Songea, na bahari hajaiona mpaka leo. Nani alikupa hati ya kanga?

LesoMombasa: Jina kwanza? Mimi nauza leso, ndiyo kanga yenu. Mteja akiingia, jicho lamwenda kwenye rangi, halafu pindo, ndipo asome. Na leso za mwanzo kabisa hazikuwa na maandishi. Zilipigwa mihuri ya mbao, majina yakaja baadaye, tena kwa herufi za Kiarabu. Wale mafundi wa mihuri hawakuwa wachoraji?

Mkunazini: Mwanangu LesoMombasa, sema habari za dukani kwako. Mimi niliwahi kuzunguka Darajani yote natafuta "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" nimpelekee mtu. Rangi sikuiuliza. Ilipatikana ya kijani, na kijani sikipendi, nikalipa.

LesoMombasa: Shikamoo bi mkubwa. Wewe ulinunua kwa jina. Lakini walionunua kwa rangi siku hiyo walikuwa wangapi?

Rola7: Hakuna kati yenu aliyesimama mbele ya mashine ya kiwandani. Kila rangi ina skrini yake ya kuchapia. Mchoraji akileta rangi nane, mchoro unarudi mezani upunguzwe. Rangi zinatenganishwa moja moja, sampuli inapigwa, inaangaliwa kama pindo limekaa sawa na mji, ndipo skrini za kazi zinatengenezwa. Kisanduku cha jina kinaachwa wazi makusudi, ili mchoro mmoja utoke na majina matatu au manne. Kubadilisha skrini ya maneno ni rahisi, kubadilisha mji ni gharama. Jina kuwa la mwisho si uvivu wa mtu.

KalamuMbili: Basi hiyo ni hesabu ya kiwanda, usiiite ubunifu. Na Bi Songea, nilisema za kampeni. Sura ya mgombea katikati na tarehe ya uchaguzi, hapo mchoraji amefanya nini?

BintiSongea: Umesema "watu wa bara". Pamba inalimwa Usukumani, viwanda vya nguo vilijengwa Mwanza, Musoma na Mbeya. Uzi wetu, halafu akili yenu?

Mkunazini: Msimwonee kijana. Kanga imezaliwa pwani, hilo halina ubishi.

BintiSongea: Imezaliwa pwani, ikachapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, tukaivaa wote. Bi mkubwa, Osaka ya Japani ni Unguja?

LesoMombasa: Hata ile chapa ya leso "Mali ya Abdulla" ya hapa kwetu, biashara ya tangu 1887, ni familia yenye asili ya India. Tusigawane bahari, turudi kwenye mchoro.

KalamuMbili: Haya, mchoro. Nilichora mji wa korosho, majani yake yanaelekea kwenye jina, nikaupeleka kiwanda kimoja. Wakasema haufai. Mwaka uliofuata nikaukuta Kariakoo, zambarau badala ya bluu. Jina walilotia halina uhusiano wowote na korosho. Ndiyo maana nauliza kazi inaanzia wapi: jina likiwa limefungwa na mchoro, mwizi hawezi kuvitenganisha.

Rola7: Korosho? Korosho ipo kwenye kanga kabla hatujazaliwa. Uliichora au uliinakili?

KalamuMbili: Niliichora. Tawi limekunjwa mara mbili kushoto, sijaona pengine. Usinihukumu kabla hujaona.

LesoMombasa: Hapa Kenya mchoro unasajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya hakimiliki za viwandani. Ulinzi ni miaka 5, unaongezwa mara mbili, jumla 15. Lakini lazima uwe mpya. Rangi pekee haikuokoi.

Rola7: Na ile kanga ya kisutu je? Nyekundu, nyeusi, nyeupe, harusi haifungwi bila yake. Viwanda vingapi vinaichapa? Wote wezi?

Mkunazini: Kisutu usiiguse. Haina mchoraji wa kumlipa. Huyu kijana yupo hai, ana karatasi zake na njaa yake. Kama mchoro haufai, arudishiwe karatasi palepale, wasibaki nayo ofisini.

Rola7: Bi mkubwa, meza yetu inapokea michoro mingi mno. Hairudishwi yote.

KalamuMbili: Basi lipeni ya kubaki nayo. Kuanzia sasa sileti mchoro mzima. Naleta pindo na jina. Mji watauona pesa ikishaingia.

BintiSongea: Hapo nakuunga mkono, kaka, mia kwa mia. Ila ile kauli ya bara bado nakudai.