Tupeane uzoefu: batobato, michirizi, rasta... virusi viliingiaje shambani kwako?

Mzee wa Makopa (Muheza)
Wakuu, msimu umekaribia na pingili za muhogo zimeshaanza kupita kwenye bodaboda, bora tuongee sasa. Huku kwetu batobato haimsumbui mtu kuijua, majani yanajikunja na kuingia njano mapema. Michirizi ya kahawia ndiyo jambazi. Shamba linasimama kijani, watu wanakusifia, ukija kung'oa unakuta muhogo umebanwa kiunoni, ukiukata ndani una mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Jirani yangu alishapatana bei na mnunuzi. Ulipopasuliwa wa kwanza, mnunuzi akawasha pikipiki yake.

Wala si ugonjwa wa jana. Mtafiti Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa hapo juu Amani, kwenye kituo cha utafiti.

Mimi nakagua mbegu ikiwa bado imesimama na majani yake. Naangalia majani ya chini yaliyokomaa, maana huko ndiko njano inafuata mishipa wakati ya juu yako safi kabisa. Nageuza na shina kutafuta michirizi. Mzigo uliokwisha kukatwa sipokei, hata uwe wa shemeji.

Binti Mtwara
Huku wengi tunapanda Kiroba, aina ya muhogo inayovumilia michirizi. Mizizi yake haiozi sana, lakini jamani, kuvumilia si kukosa ugonjwa. Virusi vimo, na ukimgawia mwenzio mwenye mbegu ya kienyeji umemmaliza. Ukishaona dalili usiuache ardhini ukisubiri unenepe. Vuna mapema, uozo huongezeka kadiri muhogo unavyokaa.

Kijana wa Shamba
Nzi weupe wanaoeneza hivi virusi mnawapulizia nini?

Mzee wa Makopa (Muheza)
Dawa inaua nzi, mmea ulioshikwa hauponi. Halafu kwenye michirizi nzi huyo habebi virusi kwa muda mrefu, ni siku moja au mbili tu, kwa hiyo hafiki navyo mbali. Ukiona ugonjwa umezuka wilaya ambayo haukuwepo, tafuta lori lililoleta pingili, usitafute nzi. Virusi vya batobato ndivyo nzi anakaa navyo siku nyingi zaidi. Shamba la mbegu liwe mbali na muhogo wa zamani, na shina lenye dalili ling'olewe likiwa bado dogo.

Nyanya Ilula
Kwetu nzi haohao wanaleta rasta, ule ugonjwa wa nyanya wa majani kujikunja na kuwa njano. Ikipata mche kabla ya maua, hesabu hasara, matunda utayatafuta kwa tochi. Pesa yangu naitia kwenye wavu wa kitalu, matundu madogo kabisa. Wauza dawa hawapendi kusikia hili.

Kip wa Bomet
Salamu kutoka Kenya. Mwaka 2011 mahindi yetu yalikauka yangali mabichi, kuanzia majani ya juu, watu wakalaumu mbolea. Kumbe ni virusi viwili vimekutana kwenye mmea mmoja. Vikija kimoja kimoja mahindi hujikokota, vikija pamoja hakuna gunzi la maana. Dawa yetu imekuwa kuacha kupanda mahindi juu ya mahindi. Msimu mmoja viazi au maharagwe, na mahindi yaliyojiotea yote yang'olewe. Mabua mabichi ng'ombe walikula, punje zenye ukungu tulichoma.

Binti Mtwara
Mwenye pingili za muhogo aina ya Mkuranga 1 zilizokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, zenye lebo, aweke bei hapa. Za "nimetoa kwa mjomba" msinitumie.