Kazi ya maua inayofutwa na mvua: je, ni sanaa?

Mwalimu wa Katuba
Ndugu zangu, ninafundisha watoto kuchora hapa Lubumbashi. Mwezi wa kumi, jakaranda zilipokuwa zikipukutisha maua, wanafunzi wangu walitandaza duara la maua ya zambarau juu ya udongo mwekundu wa uwanja, na katikati wakamwaga udongo wa kichuguu walioutwanga ukawa laini kama unga. Usiku huohuo mvua ilifuta kazi yote. Nilipopeleka picha kwenye maonyesho fulani, nilijibiwa kwamba kisichohifadhika wala kuuzika ni mchezo wa watoto. Jibu hilo limeniuma. Ninyi mnaonaje?

Mjukuu wa Dilolo
Pole sana, Mwalimu. Babu yangu alikuwa Mchokwe, kabila lililoko Kongo na Angola. Jioni alisawazisha mchanga kwa kiganja, akaweka nukta kwa ncha za vidole, zikiwa na nafasi sawa, kisha akapitisha mstari mmoja kuzizunguka zote bila kuinua kidole, huku akitusimulia kisa. Kisa kilipokwisha, alifuta. Mchoro huo unaitwa lusona, na ikiwa mingi ni sona. Mwanahisabati Paulus Gerdes wa Msumbiji aliichunguza kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO iliitambua sona ya Angola kuwa urithi wa binadamu. Aliyemwambia Mwalimu maneno yale angemwambia nini babu?

Baba Kamalondo
Ndugu mjukuu, lusona ina kanuni, na anayekosea huonekana papo hapo. Siwezi kusema hivyo juu ya kila rundo la majani lililopangwa likapendeza. Vilevile, mwaka 1967 msanii Richard Long wa Uingereza alitembea huku na huko kwenye nyasi mpaka mstari ukaonekana, akaupiga picha. Nyasi ziliinuka zamani, na kinachobaki hadi leo ni picha. Kwangu picha ni shahidi tu, lakini shahidi anahitaji tendo lenye uzito. Watoto wako waliamua nini, Mwalimu, au waliokota tu?

Mwalimu wa Katuba
Baba, asante kwa swali hilo. Waliyakataa maua yaliyoanza kunyauka kwa sababu rangi yake ilikuwa imegeuka kahawia, na msichana mmoja wa miaka tisa aliuvunja ukingo mara tatu, akisema kwamba duara "linaegemea". Hakuna aliyemwagiza. Ndugu mjukuu, ukipata nafasi Jumamosi, njoo uwafundishe lusona. Mchanga mkavu nitautafuta mimi.