Mtoto wa miaka 10, mitindo mitatu ya dansi: kweli achague mmoja?

MamaPili
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 10. Huu ni mwaka wa pili anahudhuria madarasa ya dansi ya jamii: Jumanne baleti, Alhamisi hip hop, Jumamosi asubuhi tapu, ile ya kugonga midundo kwa viatu. Wiki iliyopita mwalimu wake wa baleti aliniita pembeni, akaniambia hip hop inamharibu. Eti akishika upau wa mazoezi magoti yanalegea na mabega yanaanguka mbele, na kama anataka kufika mbali achague mtindo mmoja sasa hivi.

Usiku ule nilimkuta anapiga mswaki huku anagonga hatua za tapu sakafuni: ncha, kisigino, ncha, kisigino. Nikamweleza aliyosema mwalimu. Akatema povu, akaniuliza, "Kwani nimekosea nini?" Nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Halafu kuna goti. Tangu mwezi uliopita la kulia linamuuma, hasa Jumamosi akitoka darasani. Je, ni kweli mitindo hugombana mwilini? Mwenye uzoefu anisaidie.

MwalimuPeku
Mama Pili, pole, na mpe pole binti. Hajakosea kitu.

Huu ni mwaka wangu wa 14 kufundisha watoto baleti na jazi. Anachokiona mwalimu mwenzangu kipo, ila sikubaliani na tafsiri yake. Baleti ilikulia kwenye majumba ya wafalme. Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa akicheza mwenyewe, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha dansi. Mgongo wima, nyonga zimefunguka, mwili wote unapanda. Hip hop ilizaliwa Bronx, New York, miaka ya 1970, kwenye sherehe ambako DJ alikuwa akirudiarudia kile kipande cha sahani ya santuri chenye midundo mitupu, na vijana wakikisubiri hicho ndipo waingie katikati. Pale uzito unashuka chini. Kwa hiyo goti legevu siku ya Alhamisi ndilo goti sahihi! Tatizo ni kulibeba vilevile mpaka Jumanne, na hilo linafundishika.

Watoto wa namna hii huwa nawaomba wafike dakika tano kabla. Avue viatu, asimame peku, visigino vigusane, ausikilize wayo wake: kisigino, chini ya kidole gumba, chini ya kidole cha mwisho. Sehemu hizo tatu zikitulia sakafuni, ndipo akaze mapaja, ainue mgongo, halafu shingo. Niliwahi kumpokea mvulana wa miaka 11 aliyetoka kwenye breking, ile hip hop ya kujizungusha sakafuni. Wiki za kwanza alisimama kama mtu anayesubiri kukamatana mieleka. Siku tulipoanza kuruka, darasa zima lilinyamaza. Alikuwa anatua bila sauti, maana magoti yake yalishajua kupokea uzito. Wenzake wenye miaka mitatu ya baleti tupu walikuwa bado wanatua pu! pu!

Na tapu msimwondoe, nawaomba. Ndiyo inayompa sikio. Ukimhesabia moja hadi nane, mtoto wa tapu anaisikia na ile "na" iliyojificha kati ya moja na mbili. Wengine wanaitafuta kwa miaka.

TibaViungo
Mimi niongelee goti tu, ndiyo kazi yangu. Maumivu yakiwa kwenye kile kinundu chini ya kifuniko cha goti, umri huo ni jambo la kawaida: mfupa unarefuka, misuli ya paja inavuta pale inaposhikilia, na kuruka kunaongeza mvuto. Lakini sijamwona, kwa hiyo apelekwe akapimwe. Akivimba, akichechemea, au maumivu yakimwamsha usiku, msisubiri.

Nyumbani, mwambie akunje magoti taratibu mbele yako huku miguu imefunguliwa nje. Goti lielekee kidole cha pili. Likiangukia ndani, ujue nyayo zinalazimishwa kufunguka kuliko nyonga zinavyoruhusu, na goti ndilo linalolipa. Kaangalieni pia sakafu. Sakafu nzuri ya dansi ni mbao yenye nafasi chini yake, inabonyea kidogo. Vigae juu ya zege havibonyei.

Nyayo17
Mimi ni mchezaji, nina miaka 17. Nilichaguliwa baleti nikiwa na 9, nikaachishwa jazi. Nilipofika 14, kwenye majaribio tuliambiwa tucheze dakika moja tunavyojisikia, bila hatua za kupewa. Nilisimama tu. Nilijua majina yote ya hatua kwa Kifaransa na sikujua pa kuanzia. Nimerudi kwenye jazi mwaka huu na nina furaha kubwa.

Ila kwa haki ya mwalimu: muulize kama anafikiria shule za bweni za baleti. Royal Ballet School ya London, kwa mfano, inapokea wanafunzi wa muda wote kuanzia miaka 11, kwa usaili. Huenda ndiyo haraka yake.

MamaPili
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Nyayo17, ulikisia sawasawa: mwalimu alikuwa anawazia shule hizo, ila hakuwahi kutuambia. Nimemuuliza binti, amesema anataka kucheza "vyote kwanza." Mwalimu amekubali, ila siku ya baleti asichelewe hata dakika.

Goti limepimwa. Ni hicho kinundu. Wiki tatu hakuna kuruka, mengine aendelee. Na Jumamosi nimepiga magoti kuitazama sakafu ya darasa la tapu: vigae, kona hadi kona. Wazazi wanne tumeshaomba kuhamishiwa chumba cha mbao.

Jana tulifika mapema. Nilimwona kwa dirishani amesimama peku peke yake, macho amefumba, midomo inacheza: kisigino, gumba, cha mwisho.