Sabuni ya maji: nipimeje mnato wake bila mashine ya maabara?

PovuMoro
Wakuu, salaam. Natengeneza sabuni ya maji ya vyombo hapa Morogoro: slesi (SLES, kitoa povu kikuu), asidi ya sulfoniki iliyoondolewa ukali kwa soda ash (magadi ya kiwandani), CDE (ya kuongeza povu na uzito), chumvi, rangi na pafyumu. Shida ni uzito wake. Ndoo moja inatoka nzito ya kuvutia, inayofuata inamwagika kama maji, na mteja anaangalia uzito kabla hajagusa povu. Kuna wakati naongeza chumvi ndiyo inazidi kulegea! Nimechoka kukadiria kwa jicho. Nipimeje?

FundiRangi
Mkuu, sisi wapiga rangi za magari tunatumia kikombe chenye tundu chini. Unajaza, unaachia, unahesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Kile cha Ford namba 4 kina tundu la milimita 4 na ushee, kwa sabuni nzito utakesha. Tafuta faneli yenye mdomo mpana kiasi, weka alama mbili, ya kuanzia na ya kumalizia kuhesabu, na usiibadilishe kamwe. Sekunde zako hazitalingana na za mwingine, ila ndoo kwa ndoo utazilinganisha.

Mtaa_wa_Tatu
Kwani ukipima lita moja kwenye mzani haitoshi?

BiMaabara
Haitoshi, ndugu yangu. Mafuta ya kupikia yanaelea juu ya maji, maana yake kwa mzani ni mepesi, lakini yanatiririka taratibu kuliko maji. Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, na mzani hauuoni. Maji kwenye nyuzi 20 yana mnato wa milipaskali-sekunde (kizio cha mnato) 1 hivi. Gliserini safi ina karibu 1,400.

PovuMoro, faneli ya FundiRangi inafaa sana, ila bila kipimajoto itakudanganya. Gliserini hiyohiyo ikifika nyuzi 30 mnato wake unashuka kwa zaidi ya nusu. Sabuni uliyopima asubuhi ya baridi na ile ya saa nane mchana hazilinganishiki. Iache ilale usiku kucha mapovu yatoke, kisha tumbukiza chupa ya sampuli kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 mpaka nayo ifikie joto hilo.

Sasa chumvi, maana hapo ndipo penye kiini cha tatizo lako. Molekuli za slesi hujikusanya katika vifungu vidogo vya duara. Chumvi inavifanya virefuke kama nyuzi, nyuzi zinasokotana, sabuni inakuwa nzito. Lakini kuna kilele. Ukikipita, mnato unaporomoka, na sabuni inaweza hata kuwa na ukungu. Soda ash iliyozidi nayo inafanya kazi ya chumvi. Tena angalia slesi unayonunua: kuna ya takriban asilimia 70 na kuna iliyozimuliwa ya asilimia 28 hivi. Muuzaji akibadilisha bila kukuambia, kilele chako kimehama.

Kwa hiyo, kila ukinunua slesi mpya, gawa sabuni isiyo na chumvi kwenye vikombe vinavyolingana, ongeza maji ya chumvi kwa sirinji kwa viwango vinavyopanda, pima sekunde za kila kimoja, chora kwenye daftari. Chagua kiwango cha chini kidogo ya kilele.

PovuMoro
Ahsante sana dada. Na ile iliyokwisha kupita kilele, ni ya kumwaga?

BiMaabara
Usimwage! Ongeza sabuni isiyo na chumvi kidogokidogo, jaribu kwenye kikombe kwanza, ukiona sekunde zinapanda endelea na ndoo nzima.

FundiRangi
Na faneli ioshe kila baada ya kupima. Sabuni ikikaukia mdomoni, tundu linapungua na sekunde zinaongezeka bure.