Naomba ushauri: jirani amemfungia kakakuona kihengeni

Ndugu zangu, mimi ni mfuga nyuki katika Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora. Juzi jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, alimkuta kakakuona kwenye kichuguu, na mnyama huyo alipojikunja kama mpira, akamtia kwenye kiroba na kumleta nyumbani. Wazee wakamwekea unga, maji na jembe ili autabiri mwaka. Hiyo ni mila, wala sina ugomvi nayo. Kinachonitia hofu ni kijana wa pikipiki aliyefika jana jioni kuulizia magamba, ingawa magamba yenyewe ni keratini tupu kama kucha zetu, na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zilikubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Mnyama huyu hula mchwa na sisimizi tu, na tangu juzi hajaonja kitu.

Nikitoa taarifa kwa askari wa wanyamapori, nachelea mzee asije akashtakiwa kwa kukutwa na nyara za Serikali. Nikinyamaza, kakakuona atauzwa. Je, nimshawishi mzee aende mwenyewe kutoa taarifa, au nianzie kwa mwenyekiti wa kijiji? Waliowahi kukumbana na jambo kama hili walifanyaje?